Pumzi ya Kuku

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu
9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama na mizigo yote imefika, hata lile furushi alilonifungia mkeo kwa kamba saba. Nilihangaika nalo nusu saa, mwishowe nikaazima mkasi. Mwambie namshukuru na kamba nimezitunza. Mguu wake unaendeleaje? Na sikio lako? Najua wewe utasema halina neno, kwa hiyo swali la sikio namuuliza yeye. Paa la banda la nyuma umeliezeka, au bado unalitazama tu kila asubuhi na kuguna?

Mimi sijambo. Chuo ni kizuri. Tuko kumi na wawili tunaojifunza ufundi wa majokofu makubwa, yale ya kuhifadhia nyama na samaki, na mwanamke ni mimi peke yangu. Mwalimu wetu hugonga kompresa, ule moyo wa jokofu, kwa kalamu kabla ya kuifungua, anatega sikio, kisha anatuuliza tumesikia nini. Mimi sijasikia kitu mpaka leo. Naitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu. Mtihani wa kwanza ni tarehe ishirini na mbili Mei, na anayeufeli au kuukosa anarudishwa kwao. Walituambia hivyo siku ya kwanza, kabla hata hatujaonyeshwa choo kiko wapi.

Sasa nikuambie jambo litakalokufurahisha. Nyuma ya bweni letu kuna soko la vyakula, na katika soko lile hakuna kilichokufa. Samaki wako kwenye mabeseni, kila beseni na mpira wake wa kupulizia hewa. Ukinyoosha kidole, yule uliyemchagua anavuliwa mbele yako. Kuna vyura kwenye nyavu, kobe, sungura, bata, njiwa, na ndege wengine ambao sijui majina yao kwa lugha yoyote. Kuna mnyama mmoja mwenye pua ndefu, yuko kwenye kizimba karibu na lango, ananitazama kila nikipita mpaka nimebadilisha njia. Siku ya kwanza nilitembea nimekunja mikono kifuani, nisiguse wala nisiguswe, na nilirudi chumbani bila kununua hata kitunguu. Si uchafu ulionitisha, maana sakafu inaoshwa kutwa na kila mtu amevaa buti za mpira. Ni yale macho, Mjomba. Macho mengi mno kwa wakati mmoja.

Na cheka kidogo. Nimesafiri mbali hivi kujifunza kugandisha nyama, nimekuja kuangukia kwa watu ambao nyama ikikaa saa moja wanaiita ya jana. Nilipomweleza muuza bata kwa ishara ninachosomea, nadhani alielewa kwamba nahifadhi maiti.

Lakini siku ya tatu nilifika kwenye kona ya kuku, nikajiona niko nyumbani. Kuna mama mtu mzima pale, ana matenga yaliyopangwa hadi juu ya kichwa chake, nami kwa kuwa jina lake silijui namwita Mama Tenga. Nilimchukua tetea mmoja nikafanya ulivyonifundisha. Nikamlaza kifuani, nikampanua mdomo kwa kidole gumba, nikaweka pua yangu pale pale na kuvuta. Harufu ya nafaka iliyolowa, safi kabisa. Nilipoinua uso, nusu ya soko imesimama. Mama Tenga akanipa mwingine, nikanusa, nikamrudishia huku nakunja uso. Alimtazama yule kuku, akanitazama mimi, akamtia kwenye tenga la pembeni. Kesho yake nilimkuta kafa. Sasa nimewekewa kreti ya kukalia.

Nina swali moja. Mama naye alikuwa ananusa? Namkumbuka ana kuku kifuani na kile kitambaa chekundu kichwani, lakini nilikuwa na miaka saba tu, pengine ni mimi nimejitungia. Kitambaa ninacho huku. Nakifunga nikienda sokoni.

Mpwa wako.


Nyumbani
26 Februari

Marahaba, mwanangu.

Barua imefika juzi na tumeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa ombi la mke wangu aliyetaka kusikia tena habari za kamba. Mguu wake umepungua uvimbe. Sikio langu halina neno. Paa nimeliezeka nusu, na nusu iliyobaki kuku hawailalamikii.

Kwanza nikupe cheo chako. Kuanzia leo wewe ni Fundi Baridi, na nimekwishawatangazia watu wote wa mtaa huu. Seremala ananiuliza kama huko mnavaa makoti ndani ya nyumba. Nimemjibu ndiyo, ingawa sijui.

Pili, nisifiche, kichwa kimenivimba. Unasikia? Umeenda kwa watu ambao walikuwa wakiuza kuku kabla babu zetu hawajajua kufuga, umewaonyesha kazi, wakakuwekea kreti. Nilimwambia mke wangu, huyu ni mkono wangu huu. Akaniambia si mkono, ni pua. Haya, ni pua yangu.

Tatu, masharti. Usimnuse kuku kabla hajatulia, atakudonoa mdomo. Usinuse ukiwa umekula kitunguu. Na usiwafundishe bure, waache wakae wakishangaa. Mimi miaka yote hii wateja wananishangaa na sijawahi kumweleza hata mmoja.

Yule mwenye pua ndefu achana naye. Endelea na njia ile nyingine.

Soma sana. Huyo mwalimu wa kugonga mwulize wazi wazi anasikia nini, pengine hata yeye hasikii kitu na wote mnadanganyana. Kitambaa ukifue kwa maji baridi, kinachuja rangi.

Mjomba wako.


Chumba namba 14
17 Machi

Mjomba, shikamoo, na shikamoo ya mkeo umfikishie kwa mkono.

Asante kwa cheo. Mwambie seremala koti tunavaa ndani ya nyumba, na ndani ya koti tunavaa koti. Mwalimu nilimwuliza. Akanishika mkono na kuuweka juu ya kompresa, akagonga. Nikasikia kwa kiganja. Kumbe nilikuwa nategea sikio mahali pasipo sikio. Tangu siku hiyo nazipata karibu zote, na wenzangu wanaanza kunichukia kidogo.

Sokoni nimekuwa mtu wa maana. Kila asubuhi kabla ya darasa lori linashusha mzigo, nami nakaa kwenye kreti yangu na kunusa kuku thelathini, siku nyingine arobaini. Mama Tenga hunipa mayai. Wamenipa jina, na muuza samaki alinieleza maana yake kwa kujishika pua. Ukiniuliza kama nafurahi, nafurahi. Nilikuwa mpweke sana huku na sikukuandikia. Mahali pekee ambapo mtu ananingoja ni pale.

Ila kuna jambo. Wiki iliyopita lori la pili lilileta kuku wa kijivu, wengi wameinamisha shingo na wanapumua kwa kuinua mkia. Niliwanusa, nikasikia harufu ya siki, ile ya kuku mgonjwa. Si mmoja, tenga zima. Nikabana pua kumwonyesha Mama Tenga. Aligombana na dereva na mzigo ukapakiwa tena. Kesho yake ukarudi. Niliwajua kwa jogoo mmoja aliyevunjika ukucha. Mama Tenga aliuangalia ule mzigo, akaangalia meza yake tupu na wateja waliosimama, akanipa ishara ninuse tena, mmoja mmoja, nitenge wazima na wabovu. Basi nikanusa tena. Ilinichukua asubuhi mbili.

Huku baridi haijaisha na nina

Samahani, nimelikata neno, halikuwa na umuhimu.

Chuo wametupa fomu ya afya. Wanauliza wazazi wako hai, na kama wamekufa, walikufa kwa ugonjwa gani. Kwa mama niliandika kifua. Karani amenirudishia, anataka kifua gani. Nimeona nikuulize wewe, maana nilipokuwa mdogo mliniambia kifua, basi, na mimi nikaishia hapo. Na hukunijibu kama alikuwa ananusa.

Fundi Baridi.


Nyumbani
3 Aprili

Marahaba.

Huku hatujambo. Mguu wa mke wangu ni vile vile.

Acha kunusa. Ukiisoma barua hii ukiwa na kuku mkononi, mweke chini. Mwambie huyo mama kwa ishara unazozijua kwamba umepata masomo mengi. Usikae kwenye hiyo kreti. Usipite hata ile njia nyingine. Kula maharage.

Usiniulize sababu. Mimi ni mjomba wako, nimekwambia acha, inatosha.

Ile karatasi niliishika juu ya taa. Ulipokata uliandika mafua. Mafua ya namna gani? Yalianza kabla ya wale kuku wa kijivu au baada? Nijibu hilo kabla ya salamu.

Kwenye fomu andika baridi. Mama yako alinyeshewa na mvua akiwa sokoni, baridi ikamwingia kifuani. Andika hivyo hivyo.

Mjomba wako.


Chumba namba 14
21 Aprili

Mjomba, shikamoo. Salamu nimezitanguliza makusudi, nisije nikaonekana nimefundishwa adabu na barua ile. Ilikuwa fupi hata bahasha ilionekana kubwa.

Usikasirike. Nimeacha kunusa, ila si kwa amri yako. Soko limefungwa. Walikuja watu wenye nguo nyeupe za mwili mzima, miwani, barakoa na mapipa ya kupulizia dawa. Walibeba kila kilichokuwa na manyoya, wakamwaga chokaa kuanzia langoni hadi kwenye mabeseni ya samaki. Sasa pale pametulia kabisa, na mimi utulivu ule unanitisha kuliko zile kelele. Yule mwenye pua ndefu hayupo, kizimba kiko wazi. Mama Tenga sijamwona. Muuza samaki aliegemeza kichwa chake kwenye viganja kunionyesha, maana yake amelazwa, au ndivyo nilivyoelewa, maana ishara hiyo inaweza kuwa na maana nyingine.

Kila aliyeshika ndege anatakiwa ajitokeze zahanati ya mtaa. Wanaojitokeza wanawekwa wodini wiki tano, sita, hawatoki. Hesabu mwenyewe hadi tarehe ishirini na mbili Mei. Nikiingia mle, mtihani umenipita na narudishwa, na nafasi hii haipatikani mara mbili. Umesahau nilivyosubiri miaka minne? Mlangoni pa bweni wamebandika tangazo. Mwenzangu mmoja alinisomea, akicheka, kwamba wanamtafuta mgeni mmoja, mwanamke, anayevaa kitambaa chekundu, aliyekuwa ananusa kuku. Nilicheka naye. Kitambaa nimekivua, kiko chini ya godoro.

Mafua uliyouliza yalianza baada. Basi, nimekujibu. Sasa ni kikohozi tu, na homa inayokuja jioni na kuondoka. Tunashinda ndani ya vyumba vya kugandisha, nani asikohoe? Napanda ngazi kwa kupumzika, lakini ngazi zenyewe ni nyingi.

Nisikilize na wewe kwa mara moja. Wewe umenusa kuku miaka thelathini na zaidi, kila siku, wazima kwa wagonjwa, na kifua chako ni kama cha ng'ombe. Mama alikufa kwa baridi ya mvua, umeniandikia mwenyewe, na kwenye fomu nimeandika hivyo. Daktari wa chuo aliisoma, akauliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuugua kwa sababu ya ndege. Nikamwambia hakuna, na mjomba wangu ndiye ushahidi. Akaweka tiki, akaniacha niende. Kwa hiyo tulia. Kama kunusa kungekuwa na madhara, wewe ungekuwa umekufa zamani.

Nitakuandikia baada ya mtihani.

Fundi Baridi.


Posta
5 Mei

Mwanangu,

Naandika nimesimama hapa posta, karani amenipa kalamu yake. Barua yako nimeisomea mlangoni. Nimejaribu simu. Nimekaa kwenye kile kibanda saa mbili, mara ya tatu ikapokelewa, nikaliita jina lako kwa nguvu zangu zote, na mtu wa upande wa pili akaongea lugha yake kwa upole mpaka dakika zikaisha. Naipeleka hii kwa barua ya haraka. Karani anasema siku kumi na mbili. Namwomba Mungu zisizidi.

Nenda hospitali. Nenda sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma, haya mengine utayasomea njiani. Kama huendi, basi soma, kisha utakwenda.

Mama yako alikuwa ananusa. Yeye ndiye aliyekuwa na pua, si mimi. Kazi hii tuliianza wawili, mimi nikinunua na yeye akichagua, na wateja walikuwa wakija kwa ajili yake. Sifa zote unazozisikia mtaani ni zake, mimi nimezirithi tu kwa sababu nilibaki.

Mwaka ule aliokufa, tulipata kazi ya kupeleka kuku mia mbili kwenye hoteli, mara moja, haijawahi kutokea. Mzigo ulikuja, mama yako akanusa tenga la kwanza, akasema hawa wana siki. Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia anuse tena. Mwanangu, umeniandikia maneno hayo hayo mwezi wa tatu, ninuse tena, mmoja mmoja, asubuhi mbili. Yeye pia zilikuwa asubuhi mbili. Alitenga wazima na wabovu kuku mia mbili kwa pua yake, kwa sababu kaka yake alitaka kwenda hotelini.

Siku ya tano akaanza kukohoa. Siku ya saba homa. Daktari alikuja, mtu mwema, akaniuliza swali moja tu, dada yako amekuwa karibu na ndege wagonjwa? Nilijua nikisema ndiyo watakuja kuchoma mabanda yote. Nikasema hapana, alinyeshewa na mvua. Alimpa dawa za mvua. Siku ya kumi na moja mama yako akafa, na wewe ulikuwa umelala miguuni pake.

Hakukuwa na mvua. Mwezi ule haikunyesha hata tone.

Sijamnusa kuku tangu siku hiyo. Hapo ndipo penye aibu yangu yote. Wateja walizoea kuona kuku ananuswa, wakawa wananiangalia. Basi nikawa namchukua kuku, namlaza kifuani, nampanua mdomo, naweka uso pale pale, na nabana pumzi. Nahesabu hadi nne. Kisha nasema huyu mzima, au huyu hapana, kwa kumtazama macho na miguu kama mtu mwingine yeyote. Miaka ishirini nimebana pumzi. Ndiyo maana kifua changu ni kama cha ng'ombe. Huo ndio ushahidi wako.

Ulipokuwa na miaka kumi uliniomba nikufundishe, ukasema unataka kujua kazi ya mama. Nilitafuta namna ya kukataa bila kueleza, sikuipata. Nikakuonyesha. Nikakuambia vuta, na wewe ukavuta, na mimi nimesimama pembeni nimebana. Kila siku nilijiambia kuku wetu ni wazima, haina neno. Ulipoandika umewekewa kreti, nilijisifu. Mke wangu hajui haya. Nikitoka hapa nitamwambia.

Mtihani achana nao. Kurudishwa si kitu. Hata ukirudi huna cheti, huna koti, huna chochote, rudi. Funga kile kitambaa wakuone. Mwambie daktari yote niliyoyaandika hapa, mwambie mjomba wangu alidanganya mara mbili, kwa daktari wa mama yangu na kwangu. Usione aibu kwa ajili yangu. Nenda, mama. Nenda.

Mjomba wako.


Wodini
2 Juni

Mjomba,

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Karatasi haitoki humu ndani. Ninachoandika nakibandika kwenye kioo, na nesi aliye upande wa pili ananakili herufi moja moja, bila kujua hata neno moja la lugha yetu. Ana subira, na hajui anaandika nini. Kwa hiyo sitarefusha.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane Mei. Niliisomea kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, kwa sababu hapo ndipo pumzi zilipoishia. Wiki ile nilikuwa nalala nimekaa, na kwenye leso nilikuwa nimeanza kuona kitu ambacho nilikikunja haraka nisikione. Nilibakiza siku nne hadi mtihani. Nilikuwa nimejiambia siku nne mtu anaweza kuzivumilia. Nilipofika kwenye maneno hakukuwa na mvua, nilirudi juu, nikainua godoro, nikafunga kitambaa, nikashuka. Sikumbuki nimeshukaje. Mlangoni pa zahanati hakuna aliyeniuliza kitu. Walikiona kitambaa, wakaleta kiti.

Daktari wa hapa aliniuliza tena lile swali la ndege. Safari hii nilimjibu. Nilimweleza habari za mama kupitia mkalimani, asubuhi mbili zake na asubuhi mbili zangu, na kubana pumzi kwako. Mkalimani hapo alisimama akaniomba nirudie. Wakanibadilishia dawa saa ile ile. Siku ya nne homa ikashuka na haijarudi. Juzi nimekula sahani nzima. Mama Tenga yuko kitanda cha nne kutoka changu, mzima, amekonda. Kumbe ni yeye aliyewaambia wanitafute. Akiniona anajishika pua na kucheka, nami bado siwezi kucheka naye.

Mtihani umenipita. Mwalimu alikuja, akagonga kioo kwa kalamu, akaweka kiganja pale. Kama nitarudishwa au nitangoja kundi lijalo, wataamua.

Dawa yenyewe ni vidonge vya njano, vya kawaida, havijazi hata kiganja. Nilimwuliza daktari vimeanza kutumika lini. Alisema kabla mimi sijazaliwa. Nilikaa siku tatu nikiwaza kama nikuandikie hilo au nikufiche. Katika familia hii tumefichana ya kutosha.

Nina hasira na wewe. Nimetafuta neno laini, sijalipata. Ulisimama pembeni yangu umebana pumzi ukaniambia vuta. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuamini kuliko mtu yeyote. Halafu nalala, naamka, nakumbuka kwamba ungeweza kunyamaza. Ungeniandikia nenda hospitali bila sababu, kama ulivyoniandikia acha bila sababu, nami nisingekwenda. Ningekaa kwenye mtihani. Yote mawili ni wewe, na hapa kitandani sina kazi nyingine ila kuyageuza geuza.

Hivi ndivyo ninavyotaka. Nikirudi, usinipokee na watu. Njoo peke yako. Tutakwenda wawili kwenye kaburi la mama kabla sijafika nyumbani, na pale utamweleza, kwa sauti, habari za hoteli, za daktari na za mvua. Mimi nitasimama nisikilize. Usibane pumzi.

Barua hii nimeianza bila shikamoo, najua umeona. Sijaisahau. Nimekuwekea, na nitakupa tukitoka pale.

Mpwa wako.